Kompyuta Safarini: Mfanyabiashara wa Karagwe na Kyerwa Akivuka Mpaka, Bando Linakwenda Wapi?

BEI ya kahawa ya robusta katika soko la London ilivuka dola 4,000 kwa tani mwezi Aprili 2024, na ilipofika Septemba mwaka huo huo ilikuwa imepita dola 5,000. Arabika nayo iliweka rekodi mjini New York Februari 2025 kwa kuvuka dola nne kwa ratili. Kwa wakulima na wafanyabiashara wa Karagwe na Kyerwa, ambako robusta ndiyo zao la biashara linalosomesha watoto na kuezeka nyumba, hizo si habari za mbali. Lakini bei inayopanda haraka pia hushuka haraka, na anayechelewa kuiona ndiye anayelipa tofauti.

Tupige hesabu ya mfano. Bei ya London ikisogea kwa dola 100 kwa tani, hiyo ni senti 10 za dola kwa kila kilo. Tukichukulia, kwa mfano tu, kwamba dola moja ni shilingi 2,500, kilo moja imesogea kwa shilingi 250. Lori la tani 10 limeongeza au kupoteza shilingi milioni 2.5, na mwenyewe huenda yuko njiani, kompyuta yake imo begini na haina mtandao.

Ndiyo maana wiki hii ukurasa huu unaacha kidogo bei za gunia na kuangalia chombo kinachobeba habari za bei hizo: intaneti kwenye kompyuta mpakato, mwenyewe anapokuwa nje ya nchi.

Saa za soko na saa za barabara

Soko la robusta la London hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa za huko. Kwa saa zetu, wakati wa kiangazi cha Ulaya, hiyo ni kuanzia saa tano asubuhi hadi saa moja na nusu usiku. Wakati wa baridi yao ni saa sita mchana hadi saa mbili na nusu usiku.

Sasa linganisha na ratiba ya msafiri. Anayeondoka Kayanga au Omurushaka alfajiri kwenda Mbarara au Kampala, awe amepitia Murongo au Mutukula, ataukuta ufunguzi wa soko akiwa mpakani au tayari ndani ya Uganda. Saa ambazo bei inacheza ndizo saa ambazo laini yake ya nyumbani imekuwa ngeni.

Wala si kahawa peke yake. Shughuli nyingi za biashara ya mpakani zimehamia kwenye kompyuta. Tangu Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki ianze kutekelezwa mwaka 2014, tamko la mzigo hufanywa kwa mtandao katika nchi unakokwenda kabla haujaondoka. Vibali vingi vya mazao huombwa kwa mtandao. Baadhi ya minada ya mazao, kahawa ikiwemo, imeendeshwa kwa mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Ni kweli kwamba mwenye mzigo mdogo wa bidhaa za Afrika Mashariki usiozidi dola 2,000 anaweza kujaziwa Cheti cha Uasili kilichorahisishwa palepale mpakani. Lakini mwenye lori la maharage anahitaji nyaraka zinazotumwa, kusomwa na kujibiwa, na simu ya kiganjani haitoshi kusahihisha ankara yenye mistari arobaini.

Tulikotoka

Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliyesafiri na kompyuta alibeba waya wa simu begini. Hotelini aliuchomeka ukutani, akapiga namba ya kampuni ya intaneti, na kusubiri modemu ilie. Kampuni kama iPass, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996, zilifanya biashara ya kumwezesha msafiri kupiga namba ya karibu badala ya kupiga simu ya kimataifa kwenda kwao. Kwa mfanyabiashara wa kwetu, njia ilikuwa intaneti kafe: unalipa kwa saa, na faili lako unalibeba kwenye disketi.

Septemba 2006 Celtel iliziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania katika mpango wa One Network. Mteja aliyevuka mpaka aliendelea kutumia laini yake ya nyumbani na kutozwa kama mwenyeji. Dunia ilikuwa bado haijaona mtandao wa simu usiojali mipaka namna hiyo, na ukaanzia hapa kwetu. Kampuni hiyo ilibadilika jina kuwa Zain mwaka 2008, kisha mwaka 2010 ikanunuliwa na Bharti Airtel ya India.

Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kutoka baharini, na mwaka uliofuata ukafuata EASSy. Mkongo wa Taifa ukasambaza uwezo huo mikoani na kuvuka kwenda Uganda kupitia Mutukula. Kwa hiyo mpaka ambao mwananchi anaujua kwa malori na kituo cha huduma za pamoja kilichozinduliwa Novemba 2017 ni njia ya intaneti vilevile.

Hatua ya kisiasa ilikuja mwaka 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zilipoanzisha eneo moja la mtandao ili kupunguza gharama za simu kati yao, na Sudan Kusini ikaingia. Mpango huo ulianza na simu za sauti, na Tanzania haikuwemo katika waanzilishi wake. Somo kwa mfanyabiashara wetu ni kwamba asichukulie kuwa nafuu anayopata Mkenya akiwa Kampala ni yake pia. Kila safari, bei iulizwe upya.

Simu inapohama nchi bila kukuaga

Karagwe na Kyerwa zina jambo ambalo mkazi wa Dodoma halijui. Wilaya hizi zimepakana na Rwanda upande wa magharibi, na Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, imepakana na Uganda upande wa kaskazini. Mto Kagera ndio mpaka, lakini mawimbi ya redio hayaulizi pasipoti. Ukiwa Murongo, mnara wa Kikagati ng'ambo ya mto unaweza kuwa na nguvu kuliko mnara wa nyumbani, na simu iliyoachwa ichague yenyewe huchagua penye nguvu.

Hapo mtu yuko Tanzania, amekaa dukani kwake, na simu inahesabiwa kuwa iko Uganda. Kama ameruhusu data ya romingi, na kompyuta imeunganishwa kwenye simu hiyo, salio linakwenda kwa bei ya ugenini.

Dalili ni mbili. Kwanza, jina la mtandao juu ya kioo hubadilika. Pili, kwa upande wa Rwanda, saa ya simu inayojirekebisha yenyewe hurudi nyuma kwa saa moja, kwa kuwa Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Uganda haina tofauti ya saa nasi, hivyo huko saa haitakustua.

Dawa ni rahisi na haina gharama. Ingia kwenye mipangilio ya simu, zima data ya romingi, kisha ondoa uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha na uchague mtandao wako wa nyumbani kwa mkono. Ukivuka kweli, rudisha.

Njia nne, na kila moja na bei yake

Njia ya kwanza ni romingi ya laini ya nyumbani. Huhitaji kununua chochote ukifika, na namba yako inabaki hewani. Kasoro yake ni gharama, hasa kwa asiyenunua kifurushi cha nje kabla ya kuondoka. Tuseme unatozwa shilingi 50 kwa megabaiti moja nje ya kifurushi. Namba hii ni ya mfano tu. Kompyuta yako ikiamua kupakua sasisho la megabaiti 800, umelipa shilingi 40,000. Kama faida yako kwenye maharage ni shilingi 100 kwa kilo, umepoteza faida ya kilo 400, yaani magunia manne ya kilo mia. Nawe hukufungua hata barua moja.

Njia ya pili ni laini ya nchi uliyofikia. Kwa anayekaa zaidi ya siku moja au mbili, mara nyingi hii ndiyo rahisi kwa kila megabaiti. Mgeni husajiliwa kwa pasipoti, basi nenda kwenye duka la kampuni yenyewe au wakala anayetambulika. Usikubali laini ambayo "imeshasajiliwa" kwa jina la mtu mwingine. Ni kosa kisheria, na siku laini ikifungwa au fedha zikikwama ndani yake, huna pa kudai. Sisi wenyewe tulilishuhudia hilo Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa nchini.

Njia ya tatu ni laini pepe, ile iitwayo eSIM. Unainunua kwa mtandao ukiwa nyumbani na kuipakia kwenye simu isiyohitaji kadi. Inamfaa anayekwenda mbali na asiyetaka kutafuta duka uwanja wa ndege saa nane usiku. Lakini si kila simu inaikubali, na nyingi hutoa data tu bila namba ya kupigiwa. Hakikisha kwanza simu yako inaiweza na haikufungwa kwa mtandao mmoja.

Njia ya nne ni waifai ya hoteli, mgahawa au ofisi ya mwenyeji. Hii ni bure au karibu na bure, na kwa kusoma habari za soko inatosha. Kwa benki haitoshi. Hujui nani mwingine yumo, wala kama jina la mtandao unaloliona ni la hoteli kweli au limewekwa na mjanja wa chumba cha pili. Ukitaka kuhamisha fedha, toka kwenye waifai hiyo na utumie data ya simu yako.

Kwa wengi, kuunganisha kompyuta hakuhitaji kifaa kipya. Simu yenye nafasi mbili za laini inatosha. Laini ya Tanzania ibaki ndani ikiwa imezimwa data, kwa ajili ya ujumbe mfupi tu. Laini ya ugenini ndiyo ibebe data, na simu iigawie kompyuta kwa hotispoti au kwa waya wa USB. Waya ni bora kuliko hotispoti pale umeme unaposumbua, kwa sababu kompyuta inaichaji simu wakati inapokea mtandao.

Kuhusu laini ya nyumbani kubaki ndani, tuliweke wazi. Benki nyingi hutuma namba ya siri ya muda kwa ujumbe mfupi kila unapotaka kuidhinisha malipo. Aliyetoa laini yake ya Tanzania na kuiacha Kayanga anaweza kuwa na intaneti ya kasi mjini Kampala na bado akashindwa kumlipa muuzaji, kwa kuwa namba ya siri imeingia kwenye simu iliyozimwa kabatini. Kabla ya kuondoka, uliza benki na kampuni ya simu kama ujumbe huo utakufikia nje na kama unatozwa kuupokea.

Wanaokwenda mbali zaidi

Siku hizi mnunuzi wa duka la Kayanga au Nkwenda haishii Kikuubo, Kampala. Wapo wanaofika Dubai na Guangzhou. Huko tatizo si bei ya bando tu. Sheria za mtandao ni nyingine.

Katika Falme za Kiarabu, ujumbe wa WhatsApp hufika lakini simu za sauti kwa WhatsApp zimekuwa zikizuiwa. Wengine hukimbilia VPN. Wajue kwamba sheria ya mwaka 2016 ya nchi hiyo iliweka faini kuanzia dirham 500,000 kwa anayetumia njia hiyo kutenda au kuficha kosa. Hakuna faida ya makontena mawili inayofidia faini hiyo.

China ni ngumu zaidi. Google na Facebook zimezuiwa, na WhatsApp ilizuiwa mwaka 2017. Mfanyabiashara mwenye barua pepe ya Gmail akinunua laini ya China, ofisi yake yote imefungwa. Ila kuna jambo ambalo wengi hawalijui: data ya romingi ya laini ya nyumbani kwa kawaida hurudishwa kwenye mtandao wa nyumbani kwanza ndipo iingie intaneti. Hivyo mwenye laini ya Tanzania yenye kifurushi cha romingi huweza kufungua WhatsApp akiwa Guangzhou, wakati jirani yake mwenye laini ya hapo hawezi. Hapa romingi, ambayo Uganda tungeiona ghali, inaweza kuwa ndiyo rahisi.

Anayekwenda Maonyesho ya Canton, yanayofanyika Guangzhou mara mbili kwa mwaka tangu 1957, aweke WeChat kwenye simu angali nyumbani, kwa sababu wauzaji wa huko huzungumza humo. Akihitaji laini ya China, ajue kwamba tangu Desemba 2019 usajili unadai pia picha ya uso.

Suala la plagi lisidharauliwe. Uganda na Falme za Kiarabu hutumia tundu la pembe tatu za mraba kama letu. Rwanda na Kongo utakutana na matundu ya duara, na China pembe bapa. Chaja nyingi za kompyuta mpakato hukubali volti 100 hadi 240, na maandishi hayo yako juu ya chaja yenyewe. Kinachokosekana ni kiunganishi tu, na ni cha bei ndogo kikinunuliwa mapema.

Wezi wa bando walio ndani ya kompyuta

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na bando nalo ni mali. Kompyuta ikipata hotispoti hudhani imepata waifai ya bure. Inaanza kupakua masasisho, kupandisha picha kwenye hifadhi ya mbali, na kufungua kurasa zilizoachwa wazi tangu jana.

Kwenye Windows ipo sehemu ya kuiambia kompyuta kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Ikiwashwa, masasisho mengi husubiri. Zima pia programu za kuhifadhi mafaili mtandaoni, na funga video zinazojiendesha. Mazungumzo ya video ya saa moja huweza kula zaidi ya nusu gigabaiti, wakati barua pepe isiyo na kiambatisho ni kilobaiti chache. Aliyezoea kumwonyesha mteja mzigo kwa video na atume picha tatu zilizopunguzwa ukubwa. Mteja ataona kilekile.

Masasisho yote yafanyike nyumbani, usiku wa kuamkia safari. Orodha za bei, mikataba na ankara zihifadhiwe ndani ya kompyuta yenyewe, ili zifunguke hata mtandao usipokuwepo.

Siku mtandao unapozimika

Zipo siku ambazo fedha, laini mbili na kifurushi havisaidii. Uganda ilizima intaneti kuanzia jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, na ikarudi tarehe 18. Tanzania nayo ilikatika mtandao tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, na huduma ikakosekana kwa siku kadhaa. Kati ya hapo, Mei 2024, kukatika kwa nyaya za EASSy na SEACOM baharini kulipunguza kasi katika nchi zetu zote bila kuhusiana na siasa.

Kwa mfanyabiashara, haya ni sawa na mvua ya kuharibu barabara: huizuii, unajipanga. Usiweke tarehe ya mwisho ya malipo wiki ya uchaguzi, wa kwetu au wa jirani. Kubaliana na mshirika wako mapema kwamba mtandao ukikatika, simu ya kawaida na ujumbe mfupi ndivyo vitatumika, na bei ya mwisho iliyoandikwa ndiyo itakayoheshimiwa kwa siku mtakazopanga. Mshirika asiyekubali sharti hilo anataka kubeba faida na kukuachia wewe hatari yote.

Hesabu ya kabla ya safari

Kwa muhtasari, anayefunga begi afanye haya:

1. Apige simu kwa kampuni yake kuuliza bei ya romingi ya nchi anayokwenda, kwa megabaiti na kwa kifurushi.

2. Alinganishe na idadi ya siku. Siku moja, romingi inaweza kutosha; zaidi ya hapo, laini ya huko mara nyingi hushinda. China ihesabiwe peke yake.

3. Abebe pasipoti halisi, si nakala, kwa ajili ya kusajili laini.

4. Aache laini ya nyumbani ndani ya simu, data ikiwa imezimwa.

5. Asasishe kompyuta nyumbani na aiambie mtandao unalipiwa kwa kipimo.

6. Aandike gharama ya mtandao kwenye daftari la safari, mstari wake peke yake, kando ya nauli na malazi.

Huo mstari wa mwisho ndio wengi hawana. Wanajua nauli ya Kampala hadi shilingi ya mwisho, wanajua ushuru wa gunia, lakini ukiwauliza mtandao umekula kiasi gani katika safari tatu zilizopita, hawana jibu. Wauandike katika safari ijayo, kisha waulinganishe na ile shilingi 250 kwa kilo tuliyoanza nayo. Hapo kila mmoja ataona mwenyewe kama bando limekula faida yake au limeilinda.